Sarah Bernhardt Hemani Texas

Machi 1906, watu wa Dallas, Texas, waliingia kwenye hema kubwa la turubai, la aina ile ya sarakasi. Waliyemfuata humo hakuwa mfuga simba wala mtembea kamba. Alikuwa Sarah Bernhardt wa Paris, mwigizaji wa jukwaani aliyevuma kuliko wote wa zama zake, na alikuwa anacheza Marguerite, mrembo anayekufa kwa kifua kikuu katika tamthilia ya Alexandre Dumas mwana, La Dame aux camélias. Marguerite ni msichana mbichi. Sarah alikuwa na miaka 61 na wajukuu nyumbani.

Si kwamba Dallas haikuwa na ukumbi. Ukumbi ulikuwepo, ila yeye alifungiwa mlango.

Waliofunga mlango ni Sindiketi. Mwaka 1896 wafanyabiashara sita wa tamthilia, wakiwemo Charles Frohman, Marc Klaw na Abraham Erlanger, waliungana ili wao ndio wapange nani aonyeshe nini, wapi na lini katika kumbi kubwa za Marekani. Mwenye kundi la waigizaji aliyetaka ukumbi mmoja ilimlazimu akubali masharti yao kila mji aliopitia, na aliyekaidi alijikuta hana pa kuonyesha. Minnie Maddern Fiske, nyota wa Kimarekani, alikaidi, akaishia kuigiza popote palipopatikana.

Ziara ya Sarah ya mwaka 1905 hadi 1906 iliandaliwa na mahasimu wa Sindiketi, akina Shubert, ndugu watatu waliokulia Syracuse. Mmoja wao, Sam, alikuwa amefariki Mei 1905 kwa ajali ya treni huko Pennsylvania, na waliobaki, Lee na Jacob, hawakuwa watu wa kusalimu amri. Texas ilipokataa kuwapa kumbi, wakachukua hema. Lilibeba maelfu, wengi kuliko ukumbi wa kawaida, na magazeti yakaishika habari hiyo kwa mikono miwili: malkia wa jukwaa la Ufaransa amenyimwa paa na matajiri wa New York! Tangazo kama hilo halinunuliki. Baada ya Dallas, hema likafika Waco.

Mwigizaji mwenyewe alikuwa amezoea shida za njiani. Aliingia Marekani mara ya kwanza mwaka 1880, mara tu baada ya kuipa kisogo Comédie-Française, jumba la tamthilia la taifa lake, na tangu hapo akawa anarudi kila alipohitaji fedha, na alizihitaji karibu kila mara. Alisafiri na kundi zima kwa treni, mizigo ya mavazi mabehewa kwa mabehewa. Aliigiza kwa Kifaransa tu, kokote alikokwenda. Wasiokijua walinunua vijitabu vya tafsiri, wakawa wanafuatisha kwa kidole huku jicho moja liko jukwaani. Wengi, nadhani, waliviacha mapema, kwa maana kifo cha Marguerite hakihitaji mkalimani.

Safari hii, hata hivyo, alikuwa anaficha maumivu. Mwaka 1905 mjini Rio de Janeiro alikuwa akicheza La Tosca, ambayo mwishoni shujaa wake wa kike anajirusha kutoka juu ya ukuta wa ngome. Nyuma ya pazia hutandikwa magodoro ya kumpokea. Siku hiyo hayakuwa mahali pake. Sarah aliangukia goti la kulia, na goti hilo halikupona tena. Hivyo kila alipopiga magoti au kuanguka mbele ya Wateksasi, uigizaji na maumivu vilikwenda pamoja.

Aprili 18, 1906, tetemeko la ardhi na moto uliofuata viliteketeza San Francisco, na kumbi zake zikaenda na moto huo. Mwezi mmoja baadaye, Mei 17, Sarah alicheza Phèdre ya Racine ng'ambo ya ghuba, Berkeley, katika ukumbi wa wazi wa chuo kikuu uliojengwa kwa mtindo wa Wagiriki wa kale. Kutoka turubai la Texas hadi ngazi za zege za California, Sindiketi na tetemeko vilikuwa vimemfikisha mahali ambapo waigizaji wengi wa Paris wasingekanyaga kamwe.

Mguu ule ulikatwa Februari 1915 mjini Bordeaux, juu ya goti. Mwaka uliofuata alikuwa Marekani tena, akiigiza akiwa ameketi au ameegemea, na ziara hiyo ikaendelea hadi 1918. Alifariki Paris mwaka 1923.

Wasimulizi wa kisa cha hema hupenda kuwaona akina Shubert kama wakombozi wa sanaa. Mimi naona wafanyabiashara waliolitaka soko lile lile. Nguvu za Sindiketi zilipofifia, wao ndio waliotwaa kumbi, mji baada ya mji, hadi serikali ya Marekani ikawafikisha mahakamani kwa kosa la kuhodhi biashara ya tamthilia. Mwaka 1956 walikubali kuuza baadhi ya kumbi zao.