Asidi, maji na jina lililokosewa

Kila tunapotamka neno ‘oksijeni’ tunarudia kosa la Mfaransa mmoja. Antoine Lavoisier aliliunda jina hilo katika karne ya 18 kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja la uchachu na jingine la kuzaa. Oksijeni basi ni ‘mzaa uchachu’. Lavoisier aliamini kwamba kila asidi ina hewa hiyo ndani yake na kwamba ndiyo inayoipa makali. Mwaka wa 1787 yeye na wenzake watatu wakachapisha kitabu cha kusanifisha istilahi za kemia, jina likakita mizizi. Wajerumani wao walilitafsiri wakasema Sauerstoff, yaani kitu cha uchachu.

Mnamo 1810 Humphry Davy, huko London, akaonyesha kwamba asidi ya haidrokloriki haina hata chembe ya oksijeni. Ni haidrojeni na klorini tu. Nadharia ikafa, jina likabaki. Sisi wa lugha hatushangai: neno likishazoeleka halifutwi kwa ushahidi.

Kumbe ni haidrojeni? Ndivyo wengi walivyoanza kusema. Lakini sukari ina haidrojeni, mafuta ya kupikia pia, na hakuna asidi hapo. Kuna kitu kilikuwa kimesahauliwa, nacho ni maji. Ukiyeyusha gesi ya haidrojeni kloridi katika toluini kavu, karatasi ya litmasi ya buluu hukaa vile vile. Iyeyushe gesi hiyo hiyo majini, karatasi inakuwa nyekundu papo hapo.

Aliyelieleza jambo hili ni Svante Arrhenius wa Uswidi. Katika tasnifu yake ya uzamifu ya 1884, Chuo Kikuu cha Uppsala, alichunguza jinsi umeme unavyopita katika miyeyusho, na kufikia 1887 alikuwa ametamka wazi: asidi ikiingia majini, molekuli zake huachana na kuwa ioni, na ioni ya haidrojeni ndiyo inayoleta uchachu. Neno ‘ioni’ lilikuwapo tayari. Michael Faraday alilitumia mwaka wa 1834, baada ya kumwomba William Whewell wa Cambridge amsaidie kutafuta istilahi. Asili yake ni Kigiriki pia, maana yake ‘kiendacho’. Faraday alidhani ni umeme unaozitenganisha ioni. Arrhenius akasema la, zimeshaachana zenyewe hata kabla hujaunganisha waya.

Maprofesa wake hawakufurahi. Eti chumvi ya mezani ivunjike majini iwe sodiamu na klorini? Sodiamu inayolipuka ikiguswa na maji, na klorini ambayo ni sumu? Hawakuona kwamba ioni ya sodiamu si sodiamu yenyewe. Tasnifu ikapewa alama ya chini. Wilhelm Ostwald, aliyekuwa akifundisha Riga, aliisoma akafunga safari hadi Uppsala kumwona kijana huyo. Mwaka wa 1903 Arrhenius akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia. (Wasimamizi wa tasnifu, nami nikiwamo, tuikumbuke alama ile.)

Baadaye, mwaka wa 1923, Johannes Brønsted wa Copenhagen na Thomas Lowry wa Cambridge, kila mmoja kivyake, walisema kwamba asidi hutoa protoni na maji huipokea. Maji si ukumbi tu wa mchezo, nayo yanacheza.

Sasa tazama Kiswahili chetu. Neno ‘kali’ tunalibebesha mengi: pilipili kali, jua kali, mwalimu mkali, asidi kali. Mwanafunzi akisikia ‘asidi kali’ hudhani ni ile iliyokolea, isiyozimuliwa kwa maji mengi. Kwa mwanakemia, asidi kali ni ile ambayo molekuli zake karibu zote huachana majini, hata ukiizimua vipi. Haidrokloriki ni kali. Asidi ya siki ni dhaifu: katika siki ya dukani, kati ya molekuli 1,000 za asidi hiyo, takriban 5 tu ndizo zilizoachana. Na ukiiongeza maji uchachu unapungua, lakini sehemu ya molekuli zilizoachana inaongezeka. Kanuni ya jambo hilo ilitolewa mwaka wa 1888 na Ostwald yule yule aliyesafiri kwenda Uppsala.