Majina na Alama za Ndege katika Historia ya Ziwa Tanganyika

Historia ya ufuko wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, kutoka Bujumbura kupitia Rumonge hadi Nyanza-Lac, huelezwa zaidi kwa habari za mitumbwi na meli. Lakini tangu mwaka 1916 historia ya ziwa hili ina ndege pia, na mwenye kuiandika kwa Kiswahili hukutana na majina yaliyojaa herufi, tarakimu, nukta na vistari. Aghalabu alama hizo huchukuliwa kuwa mapambo, zikaachwa au zikabadilishwa kwa kupenda. Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba kila alama ina kazi yake, na kwamba anayeikosea huweza kuipotosha habari yenyewe.

Yafaa kwanza tulitazame neno *ndege* lenyewe. Rumonge ni mji wa Kiswahili wa siku nyingi, na wenyeji wake huzungumza Kiswahili pamoja na Kirundi. Katika Kirundi kiumbe mwenye mabawa ni *inyoni*, na chombo cha angani ni *indege*. Kiswahili sanifu kina neno moja tu kwa vyote viwili, na tofauti yake huonekana katika upatanisho: ndege *ameruka* ni kiumbe, ndege *imeruka* ni chombo. Mwanafunzi wa Rumonge ambaye Kirundi kimemzoesha maneno mawili hana budi kufundishwa kwamba hapa kazi ile hufanywa na kiambishi.

Sasa tuje kwenye vita. Hadi mwaka 1916 Burundi ilikuwa sehemu ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, na meli yao kubwa ziwani ilikuwa *Graf von Götzen*, iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915. Wabelgiji waliotawala Kongo waliazimwa na Waingereza ndege nne za kuelea majini, wakaziweka karibu na Mtoa, upande wa magharibi wa ziwa. Mwezi Juni 1916 ndege hizo zilianza kuishambulia Kigoma kwa mabomu, na mwezi huohuo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Mwezi Julai Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe. Baadaye iliinuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la *Liemba*.

Meli ile ilikuwa na jina lake peke yake, nalo huandikwa kwa herufi za mlazo. Ndege zile nne zilishiriki jina moja la aina: Short Type 827. Hapa pana mitego miwili. *Short* ni jina la ukoo wa ndugu watatu wa Uingereza, Horace, Eustace na Oswald, walioanzisha kiwanda; atakayelitafsiri kwa maana yake ya Kiingereza atatuandikia habari za "ndege fupi" ambazo hazikuwako. Na 827 haihesabu ndege zilizoundwa wala nguvu ya injini. Wanamaji wa Uingereza walikuwa na desturi ya kuiita aina nzima kwa namba ya orodha ya ndege mojawapo kati ya zile za kwanza. Kwa hiyo jina hilo lote huandikwa kama lilivyo, bila kutafsiriwa na bila kistari.

Majina mengine yana kistari au nukta. Shirika la Air Burundi, lililoanza mwaka 1971 kwa jina jingine na kuitwa hivyo tangu 1975, lilitumia ndege ya DHC-6 Twin Otter. Herufi zile zasimamia de Havilland Canada, na kistari kinatenga kiwanda na namba ya aina. Jeshi la Burundi nalo lilikuwa na ndege za SF.260 kutoka Italia. SF ni herufi za mwanzo za jina la msanifu wake, Stelio Frati, na nukta ile ni sehemu ya jina. Mpiga chapa anayeidhani kuwa mwisho wa sentensi hulikata jina vipande viwili.

Mbali na jina la aina, kila ndege ya kiraia ina alama yake ya usajili. Kwa mujibu wa Kiambatisho cha 7 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, alama ya taifa hutangulia, kisha alama ya ndege yenyewe. Na hii ya pili ikianza kwa herufi, kistari huwekwa katikati. Burundi ina 9U, Tanzania 5H, Zambia 9J, na Kongo ilitumia 9Q kwa miaka mingi. Hizo ndizo nchi nne za ziwa letu, na tofauti ya 9U na 9Q ni herufi moja tu.

Herufi moja yaweza kuwa na uzito mkubwa. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya aina ya Falcon 50, yenye alama 9XR-NN, ilitunguliwa ilipokuwa ikikaribia kutua Kigali. Ndani yake walifariki Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Alama 9XR ni ya Rwanda. Mwandishi atakayeandika 9U kwa kuwa Rais wa Burundi alikuwamo, atakuwa ameihamisha ndege kutoka taifa moja hadi jingine, na msomaji wa kesho atajengea hoja juu ya kosa hilo. Katika habari nzito kama hii, iliyofuatiwa na mauaji ya halaiki, hatuna ruhusa ya kukisia.

Basi, walimu wenzetu, twapendekeza wanafunzi wafundishwe kutenga mambo matatu: kiwanda, aina, na alama ya ndege moja. Wanakili kila nukta, kistari na nafasi kama vilivyo, wasitafsiri majina ya watu, na viambishi vya Kiswahili viambatane na neno *ndege*, ili jina lenyewe libaki salama: "ndege hizo za SF.260 zilitua". Lugha yetu haipungukiwi kitu kwa kuheshimu jina la mgeni, na historia ya ziwa letu itasomeka kwa uhakika zaidi.