Kihehe, Kinyakyusa na Walimu wa Kiafrika Berlin, 1887–1905

Chuo cha Lugha za Mashariki kilifunguliwa Berlin mwaka 1887. Ufundishaji wa Kiswahili ulihitaji wazungumzaji wazawa, hivyo wasomi wa pwani waliajiriwa, akiwamo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyeanza kazi mwaka 1900. Lugha za Iringa na Mbeya zilifika huko kwa karatasi. Mwaka 1899, mwaka mmoja baada ya kifo cha Mkwawa, jarida la chuo lilichapisha maelezo ya Carl Velten kuhusu Kihehe, na sarufi ya Kinyakyusa, kilichoitwa wakati huo Kikonde, ya mmisionari Schumann. Wenye lugha hawakutajwa kuwa waandishi.

Aliyefika mwenyewe naye hakutambuliwa ipasavyo. *Desturi za Wasuaheli* ya 1903, ambayo sehemu yake kubwa iliandikwa na Mtoro, ilitoka kwa jina la Velten. Mwaka 1905 Mtoro aliacha kazi kufuatia mgogoro na wanafunzi wake. Aliporejea na mkewe Mjerumani, walizuiwa kushuka pamoja Dar es Salaam.

Kwa hiyo, kumwajiri mtaalamu wa kigeni si sawa na kumtambua. Mtafiti wa Nyanda za Juu anayealikwa Ulaya leo ana sababu ya kihistoria ya kuuliza, kabla ya mshahara, kazi yake itachapishwa kwa jina la nani.