Urithi wa Kiti na Mgawanyiko wa Ukoo wa Basarab katika Wallachia

Makala haya yanachunguza historia ya ukoo wa Basarab, uliotawala Wallachia, nchi iliyokuwa kati ya milima ya Karpati na mto Danube, kusini mwa Romania ya leo. Hoja kuu ni kwamba kanuni ya urithi iliyoukinga ukoo huo usikatike ndiyo iliyougawa na kuufungulia milango wageni.

Mwasisi wa ukoo, Basarab wa Kwanza, alijipatia uhuru mwaka 1330 alipolishinda jeshi la Mfalme Charles wa Hungaria katika vita vya Posada. Mwanawe, Nicolae Alexandru, aliuimarisha utawala huo kwa kupata askofu mkuu wa Kanisa la Kiorthodoksi mwaka 1359. Katika vizazi hivyo vya mwanzo baba alirithiwa na mwana, na nchi ikatulia.

Hata hivyo, mila ya Wallachia haikumpa mwana wa kwanza haki ya peke yake. Kila mwanamume aliyezaliwa na mtawala, hata nje ya ndoa, alihesabiwa kuwa wa "mfupa wa utawala" na angeweza kuchaguliwa na makabaila. Faida ya mila hii ilikuwa dhahiri: kiti hakikuweza kukosa mrithi. Hasara yake ni kwamba warithi walikuwa wengi, na hapakuwa na kipimo cha kuamua baina yao isipokuwa nguvu.

Hasara hiyo ilijitokeza baada ya ndugu wawili, Dan wa Kwanza na Mircea Mzee, kutawala kwa kufuatana. Mircea, aliyeshika kiti mwaka 1386, alifariki mwaka 1418, na wazao wa pande zote mbili wakadai haki iliyo sawa. Katika miaka ya 1420, Dan wa Pili, mwana wa Dan, na Radu wa Pili, mwana wa Mircea, walinyang'anyana kiti mara kadhaa. Wanahistoria huuita upande wa kwanza Dănești. Upande wa pili huitwa Drăculești, kutokana na Vlad wa Pili, mwana mwingine wa Mircea, aliyeitwa Dracul baada ya kuingizwa katika Jumuiya ya Joka mwaka 1431.

Mashindano hayo yalifanyika kati ya madola mawili makubwa, Hungaria na Dola ya Osmani, na kila mdai alitafuta msaada kwa mmojawapo. Vlad Dracul aliwaacha wanawe wawili, Vlad na Radu, rehani kwa Sultani Murad wa Pili. Mwaka 1447 John Hunyadi wa Hungaria alimshambulia. Vlad Dracul na mwanawe mkubwa, Mircea, wakauawa, na kiti kikapewa Vladislav wa Pili wa upande wa Dănești. Vlad wa Tatu, ambaye dunia inamjua kwa jina la Dracula, yaani mwana wa Dracul, alikirudisha kiti upande wake mwaka 1456. Lakini mwaka 1462 Sultani Mehmed wa Pili aliingia Wallachia, na aliyewekwa badala ya Vlad alikuwa Radu, ndugu yake wa damu. Wana waliolelewa pamoja katika urehani walisimama pande zinazopingana. Ugomvi ulikuwa umetoka kati ya matawi ya ukoo ukaingia ndani ya nyumba moja.

Aidha, kwa kuwa damu ilikuwa sharti la kutawala, watu walijifunza kuidai. Neagoe Basarab, aliyetawala kuanzia 1512 hadi 1521 na kujenga kanisa mashuhuri la Curtea de Argeș, alilelewa katika familia ya makabaila wa Craiova, lakini alijitangaza kuwa mwana wa mtawala wa zamani. Mwaka 1632 kabaila Matei alishika kiti na kujiita Basarab. Kufikia hapo jina lilikuwa limegeuka hati ya uhalali iliyoweza kuvaliwa na mwenye nguvu.

Kwa hiyo, ukoo wa Basarab haukuangushwa na uhaba wa warithi bali na wingi wao. Kila mdai alipokwenda kuomba jeshi nje ya mipaka, alirudi na kiti pamoja na deni, na deni hilo lililipwa kwa uhuru ambao Basarab wa Kwanza aliupata Posada.