Utafiti wa nasaba za walowezi wa Nyanda za Juu za Kusini

Utafiti wa nasaba za walowezi wa Nyanda za Juu za Kusini ni kazi ya kufuatilia historia ya familia zilizotokana na walowezi wa zama za ukoloni katika maeneo ya Iringa, Mufindi, Njombe, Mbeya, Rungwe na Mbozi nchini Tanzania. Kazi hiyo hutegemea hasa nyaraka za mashamba na za mahakama: hati za ardhi, majalada ya mirathi, matangazo ya Gazeti la Serikali na orodha za mali zilizotwaliwa wakati wa vita.

Wanaofanya utafiti huu ni wa aina mbalimbali. Wapo wajukuu wa walowezi wanaoishi Ulaya au kusini mwa Afrika. Wapo pia Watanzania ambao babu yao alikuwa Mjerumani, Mgiriki au Mwingereza na bibi yao alikuwa Mhehe, Mbena, Msafwa au Mnyakyusa. Mara nyingi kundi hili la pili lina jina la shamba na masimulizi ya wazee tu, bila cheti chochote.

## Historia fupi ya walowezi

### Wakati wa Wajerumani

Eneo hili liliingizwa katika koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani baada ya vita dhidi ya Wahehe. Ngome ya Mtwa Mkwawa huko Kalenga ilitekwa mwezi Oktoba 1894, na mwaka 1896 Tom von Prince alianzisha boma jipya mahali penye mji wa Iringa wa leo. Mkwawa alijiua tarehe 19 Julai 1898. Upande wa kusini, wamisionari wa Moravian na wa Berlin waliwahi kufika tangu mwaka 1891.

Msingi wa sheria ya ardhi ulikuwa amri ya Kaisari ya tarehe 26 Novemba 1895. Kwa amri hiyo ardhi yote iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe ikawa mali ya dola, na serikali ikapata uwezo wa kuiuza au kuikodisha kwa walowezi. Hivyo jalada la shamba la wakati huo huwa na mambo mawili: maombi ya mlowezi, na taarifa ya afisa kuhusu wenyeji waliokuwa wakiishi au kulima hapo.

### Wakati wa Waingereza

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia Wajerumani wengi walifukuzwa nchini. Kufuatana na Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, mali zao ziliwekwa chini ya Mtunzaji wa Mali za Adui kisha kuuzwa. Mwaka 1923 ilitolewa Sheria ya Ardhi iliyotangaza ardhi ya Tanganyika kuwa ardhi ya umma chini ya Gavana. Walowezi wapya walipewa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99, lakini hati za umilikaji kamili zilizopatikana kihalali wakati wa Wajerumani ziliendelea kutambuliwa.

Tangu mwaka 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi, na wengi walikuja Iringa, Mufindi na Mbozi kulima chai na kahawa. Waingereza nao walivutwa na Lord Delamere wa Kenya, aliyeitisha mkutano wa walowezi huko Tukuyu mwaka 1925. Mji wa Mbeya ulianzishwa mwaka 1927, na machimbo ya dhahabu ya Lupa katika Chunya yalileta watu wa mataifa mengi, hasa katika miaka ya 1930. Wagiriki walijulikana baadaye kwa kilimo cha tumbaku katika Iringa.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwezi Septemba 1939, wanaume Wajerumani walitiwa kizuizini na mashamba yao yakatwaliwa kwa mara ya pili. Mashamba ya chai ya Mufindi yalikodishwa kwa kampuni ya Brooke Bond. Wakati wa vita hiyo wakimbizi kutoka Poland walikaa katika kambi za Ifunda na Kidugala. Kwa hiyo si kila jina la Kizungu lililobaki katika eneo hili ni la mlowezi.

### Baada ya uhuru

Mwaka 1963 hati za umilikaji kamili zilibadilishwa kuwa ukodishaji kutoka serikalini, na mwaka 1969 ukodishaji huo ukageuzwa kuwa haki ya kumiliki ardhi kwa muda. Mashamba mengine yalitaifishwa au kufutiwa hati kwa sababu hayakuendelezwa. Kila badiliko la namna hii liliacha ingizo jipya katika daftari la ardhi.

## Aina za nyaraka

### Nyaraka za mashamba

Jalada la shamba huweza kuwa na ramani ya upimaji, mkataba, majina ya wamiliki waliofuatana, rehani za benki, na barua kuhusu kodi na masharti ya kuendeleza ardhi. Mlowezi aliyekufa au kuondoka huonekana pale haki inapohamishiwa kwa mjane, mtoto, mdai au kampuni.

Nyaraka za kazi ni muhimu pia. Wafanyakazi wa mashamba walipewa kipande, yaani kadi iliyowekewa alama kwa kila siku ya kazi. Pale ambapo vitabu vya mishahara vimesalia, huonyesha majina ya wapishi, wanyapara na watumishi wa nyumbani. Wakati mwingine hapo ndipo mahali pekee ambapo jina la mama wa mtoto wa mlowezi liliandikwa.

### Nyaraka za mahakama

Wakati wa Wajerumani kulikuwa na mahakama za Wazungu, na mashauri ya Waafrika yalisikilizwa kando na maafisa wa wilaya, maakida na maliwali. Katika majalada ya Kijerumani mashauri hayo huitwa "Schauri", neno lililotokana na Kiswahili. Iringa iliendelea kuwa wilaya ya kijeshi mpaka vita ya mwaka 1914, hivyo taarifa zake huweza kupatikana katika nyaraka za jeshi badala ya zile za utawala wa kiraia.

Mahakama Kuu ya Tanganyika iliundwa kwa amri ya mwaka 1920. Majalada yake yenye faida zaidi kwa nasaba ni ya mirathi. Jalada la mirathi kwa kawaida huwa na tarehe na mahali pa kifo, wosia kama upo, orodha ya mali, majina ya warithi na anwani zao, pamoja na madeni. Mlowezi akifa bila ndugu nchini, mali yake ilisimamiwa na Kabidhi Wasii Mkuu. Kazi za ofisi hiyo ziko leo chini ya RITA, wakala wa serikali unaotunza pia kumbukumbu za vizazi na vifo.

### Matangazo na magazeti

Matangazo kuhusu mirathi, minada, viwanja na kupotea kwa hati yalichapishwa katika Gazeti la Serikali. Kwa kipindi cha Wajerumani hutumika gazeti la *Deutsch-Ostafrikanische Zeitung* lililotolewa Dar es Salaam kuanzia 1899 hadi 1916. Tangazo la mistari mitatu huweza kutoa tarehe ya kifo na jina la msimamizi wa mirathi, na hayo mawili yanatosha kutafutia jalada lenyewe.

### Vitabu vya kanisa na makaburi

Vitabu vya ubatizo na ndoa vya misioni, kama Rungwe ya Moravian au Tosamaganga ya Wakatoliki, vina majina ya Waafrika wengi ambao hawakuandikishwa na serikali. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ya mwaka 1920 haikuwalazimisha Waafrika walio wengi. Makaburi nayo husaidia. Makaburi ya vita mjini Iringa yana askari wa pande zote mbili za Vita Kuu ya Kwanza.

## Mahali pa kutafuta

* Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Ina nyaraka za Kijerumani, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, pamoja na majalada ya Waingereza na vitabu vya wilaya.
* Ofisi za ardhi, ambako Msajili wa Hati hutoa taarifa za daftari kwa anayeomba upekuzi na kulipa ada. Anayeomba anapaswa kuwa na namba ya hati au namba ya shamba.
* Mahakama Kuu, yenye masjala Iringa na Mbeya. Majalada ya zamani zaidi huenda yalifunguliwa Dar es Salaam.
* Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani mjini Berlin, hasa fungu R 1001 la Wizara ya Makoloni.
* Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew, London, hasa fungu CO 691 lenye barua kati ya Tanganyika na London.
* Hifadhi ya Moravian mjini Herrnhut, Ujerumani, kwa misioni za Rungwe na Mbozi.

Majina ya kiutawala yamebadilika mara nyingi. Tukuyu iliitwa Neu-Langenburg, na wilaya yote ya kusini iliandikwa Langenburg. Mbeya haionekani katika nyaraka za Kijerumani kama mji. Baadaye sehemu kubwa ya eneo ilikuwa ndani ya Jimbo la Nyanda za Juu za Kusini. Njombe ikawa mkoa mwaka 2012, na Mbozi imekuwa katika Mkoa wa Songwe tangu mwaka 2016.

## Hatua za utafiti

Utafiti huanza na walio hai na kurudi nyuma. Chukulia familia inayojua tu kwamba babu alikuwa Mjerumani mwenye shamba la chai Mufindi kabla ya vita:

1. Wazee huulizwa jina la shamba, la mto au mlima wa karibu, na majina ya majirani. Jina la mlowezi huwa limebadilishwa na matamshi ya wenyeji, au anakumbukwa kwa jina la utani tu.
2. Mahali hapo hutafutwa katika ramani ya upimaji ili kupata namba ya shamba.
3. Kwa namba hiyo hufuatwa daftari la ardhi, kuonyesha nani alimiliki mwaka gani.
4. Jina likipatikana, hutafutwa katika nyaraka za mali za adui za mwaka 1939 na miaka iliyofuata. Hapo huweza kuonekana umri, mahali alipozaliwa, na mke kama alikuwa naye.
5. Mahali pa kuzaliwa hufungua vitabu vya kanisa na vya serikali huko Ujerumani.
6. Upande wa mama hufuatwa kwa vitabu vya ubatizo na masimulizi ya ukoo wake.

Nyaraka nyingi za Kijerumani za kabla ya 1914 zimeandikwa kwa mwandiko wa kale uitwao Kurrent, ambao hata Wajerumani wa leo wengi hawawezi kuusoma bila kujifunza.

## Mfano wa familia inayojulikana

Familia zilizoingia katika siasa ni rahisi kufuatilia. Marion Chesham, mzaliwa wa Marekani, alikuwa mke wa Lord Chesham, mlowezi wa Iringa aliyefariki mwaka 1952. Mwaka 1958 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU, na baada ya uhuru akawa raia wa Tanganyika. Nyaraka zake zimehifadhiwa katika taasisi ya Borthwick ya Chuo Kikuu cha York, Uingereza. Familia ya mlowezi mdogo aliyefilisika katika miaka ya 1930 haina hifadhi ya namna hiyo. Habari zake ziko katika jalada la rehani na la mahakama.

## Watoto wasioandikwa

Tatizo gumu kuliko yote ni watoto wa walowezi na wanawake Waafrika. Serikali ya Kijerumani ilipiga marufuku ndoa kati ya Wazungu na Waafrika katika koloni hili mwaka 1906. Chini ya Waingereza uhusiano wa namna hiyo kwa kawaida haukuandikishwa kuwa ndoa, na watoto hawakutajwa katika orodha ya warithi. Wengi walilelewa na ukoo wa mama au na misioni.

Kwa hiyo kutokuwepo kwa jina katika jalada la mirathi hakuthibitishi kwamba mtoto hakuwepo. Ushahidi hutafutwa kando: zawadi ndogo katika wosia kwa "mtumishi" na watoto wake, ada ya shule iliyolipwa na mlowezi, au kitabu cha ubatizo kilichoacha nafasi ya baba wazi. Siku hizi vipimo vya DNA hutumiwa kuthibitisha undugu. Hata hivyo, vipimo huonyesha kwamba watu ni ndugu bila kueleza peke yake ni kupitia babu yupi.

## Nasaba na madai ya ardhi

Kuthibitisha kwamba babu alimiliki shamba si sawa na kuwa na haki juu ya shamba hilo leo. Mali za adui ziliuzwa au kukodishwa, na hati nyingine zilifutwa kisheria. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971, madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kupewa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji.

Nyaraka hizo hizo zina maana nyingine kwa vijiji vinavyopakana na mashamba ya zamani. Ramani na taarifa za maafisa huonyesha nani aliishi hapo kabla ya mlowezi, makaburi ya wenyeji yalikuwa wapi, na ni kaya zipi zilihamishwa. Kwa sababu hiyo jalada la shamba moja huweza kuwa kumbukumbu ya nasaba mbili: ya aliyepewa ardhi, na ya waliokuwa juu yake.

## Tazama pia

* Mkwawa
* Mkoa wa Iringa
* Mkoa wa Mbeya
* Afrika ya Mashariki ya Kijerumani
* Historia ya Tanzania