Bei ya Pumzi: Habari za Mivukuto ya Maji Machafu

Kabla ya mwaka 1914, wataalamu wa Uingereza walikuwa wamekwisha kuvuvia hewa katika maji machafu ya miji yao kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini, wala hawakuona tija iliyolingana na gharama. Robert Angus Smith alilichungua jambo hilo mwaka 1882, na wengine wakafuata nyayo zake. Walijua kuwa maji yakipewa pumzi ya kutosha uvundo hupungua na uozo hutulia, lakini muda uliohitajiwa ulikuwa mrefu mno, na hapana baraza la mji lenye akili timamu ambalo lingekubali kuteketeza makaa ya mawe kwa ajili ya maji ya leo, hali ya kuwa ya kesho yanakuja kadiri ile ile. Hewa yenyewe haikuwa adimu. Kilichokuwa ghali ni kazi ya kuishusha chini ya maji, nami naona kuwa tarikhi yote ya ufundi huu, tangu siku hizo hata leo, ni tarikhi ya mashauri juu ya gharama hiyo moja.

Njia ilipatikana kwa kutomwaga tope. Mwishoni mwa mwaka 1912, Gilbert Fowler, mshauri wa kemia wa mji wa Manchester, alizuru kituo cha majaribio cha Lawrence katika jimbo la Massachusetts, Marekani, akaona huko chupa za maji machafu yaliyovuviwa hewa mpaka yakatakata. Aliporejea akawapa habari Edward Ardern na William Lockett, waliokuwa wakifanya kazi katika kiwanda cha Davyhulme. Hao wawili walitwaa chupa, wakazifunika kwa karatasi ili nuru isiingie, wakapitisha hewa ndani yake, na jaribio la kwanza likachukua majuma matano hivi. Kisha waliyamimina maji yaliyotakata, wakaliacha tope lililotuama chini, wakatia maji machafu mapya juu yake. Kila walipokariri tendo hilo muda ulipungua, kwa sababu tope lilikuwa limejaa bakteria walao uchafu, na jeshi lile halikuwa na haja ya kuanza kuzaliwa upya; hatimaye kazi ya majuma ikatimia kwa siku moja, na baadaye kwa saa chache. Walisoma makala yao mbele ya wanakemia mjini Manchester tarehe 3 Aprili 1914.

Uvumbuzi huo uliishusha bei ya pumzi, lakini haukuifuta. Kila mita ya maji huilemea hewa kwa kadiri ya sehemu moja ya kumi ya uzito wa anga, kwa hiyo hodhi lenye kina cha mita tano hutaka mashine iwezayo kusukuma kwa nguvu ya nusu ya anga na ziada kidogo, usiku na mchana, maana bakteria wakikosa pumzi kwa muda mrefu hudhoofika na uvundo hurejea. Feni ya kawaida haina nguvu hiyo. Mtambo wa kujazia mitungi unayo kupita haja, nao hula nishati bure. Kilichotakiwa ni mashine ya katikati, na kwa bahati ilikuwapo, imezaliwa katika kazi nyingine kabisa.

Philander na Francis Roots walikuwa ndugu wenye kiwanda cha sufu mjini Connersville, katika jimbo la Indiana. Katika miaka ya 1850 walitaka gurudumu jipya la kuendeshwa na maji, wakachonga mapanga mawili ya mbao, kila moja mfano wa tarakimu 8, yakizunguka ubavu kwa ubavu ndani ya kasha. Husimuliwa kuwa mbao ziliumuka kwa maji zikakwama, zikachongwa tena, na zilipojaribiwa kavu kasha likatoa upepo uliorusha kofia ya msimamizi. Hadithi hii hainihitaji mimi kuitetea. Yatosha kuwa hataza ya mvukuto ilitolewa mwaka 1860, na wasubu chuma wakaununua kwa tanuri zao.

Fadhila ya mvukuto wa Roots ni uaminifu: kila mzunguko hupeleka kipimo kile kile cha hewa, maji yawe na kina kidogo au kikubwa. Aibu zake ni kelele, joto na ukaidi, kwa kuwa bomba likiziba hauachi kusukuma mpaka valvu ya usalama ifunguke au kitu kipasuke. Viwanda vikubwa vilielekea kwenye mvukuto wa pangaboi, uitupao hewa kwa kasi ya mzunguko. Huu hutumia nguvu kwa uangalifu zaidi maadamu unaendeshwa katika kipimo chake, walakini ukilemewa na mgandamizo usiouweza, hewa hurudi nyuma, mtambo ukatetemeka na kunguruma, na fundi asiye mwepesi akauharibu. Wengine waliukataa mvukuto kabisa. Mjini Sheffield, John Haworth aliyazungusha maji katika mifereji kwa makasia ili yajitwalie hewa juu ya uso wake, na miji midogo iliyomwiga haikukosea.

Miji mikubwa ililipa pumzi, na mmoja ulilipa mara mbili. Milwaukee, kando ya Ziwa Michigan, ulifungua kiwanda chake cha Jones Island mwaka 1925, na tangu 1926 tope lake lililokaushwa likauzwa kuwa mbolea iitwayo Milorganite. Lakini wenye hataza za ufundi wa kulitunza tope na kulivuvia hewa waliushtaki mji, wakashinda. Mwaka 1934 mahakama ya rufani iliithibitisha haki yao, ila ikakataa kukifunga kiwanda, kwa kuwa kukifunga ni kulimwagia ziwa uchafu wa mji mzima. Sijui hukumu nyingine ya mali iliyopimwa kwa insafu kama hiyo.

Leo ziko ekseli zieleazo kwa nguvu ya sumaku bila kugusa chuma, na vipulizio vya mpira vitoavyo mapovu madogo, ambayo huachia oksijeni nyingi kuliko makubwa. Hata hivyo nusu ya umeme wa kiwanda, na pengine zaidi, bado humezwa na hewa. Mnunuzi aghalabu huchagua mvukuto kwa siku iliyo nzito kuliko zote, kisha huulisha umeme katika kila usiku mwepesi. Na asipoacha akiba ya nguvu, tundu za vipulizio zikianza kuziba mvukuto utashindwa. Vilevile mvukuto uliopimwa kwa hewa ya Mombasa, ukipandishwa Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, huvuta anga iliyo sehemu nne tu katika tano za ile ya pwani. Mabwawa ya maji machafu ya mji huo huko Dandora, upande wa Ruai, yalijengwa kwa tadbiri nyingine: jua huotesha mwani, na mwani ukatoa oksijeni pasipo mashine. Lakini mabwawa ya namna hiyo hutaka ardhi pana na siku nyingi, na mji ukiisha kuyazunguka kwa nyumba, hesabu ya mvukuto hurudi mezani, kwa bei ya umeme ya mwaka huo na kwa hewa nyepesi ya mahali hapo.