Sehemu, Sura au Kisa? Jina la Gemu Zitolewazo kwa Vipande

Kuna gemu ambazo haziuzwi zikiwa nzima. Mnunuzi hupewa kipande cha kwanza cha hadithi, akakicheza saa mbili au tatu kikaisha, kumbe cha pili bado kinatengenezwa. Atasubiri mwezi mmoja, pengine miwili, ndipo aendelee. Mitaani Migori na Homa Bay utasikia "episodi" tu, na mazungumzo yanasonga. Lakini mwalimu, mtangazaji au mwandishi anayetaka kulieleza jambo hilo kwa Kiswahili sanifu hukwama, kwa sababu maneno yanayomjia kwanza yana kazi nyingine tayari.

Tuanze na kitu chenyewe. Kampuni iliyoivumisha aina hii ni Telltale Games ya San Rafael, California, iliyoanzishwa mwaka 2004 na watu waliotoka LucasArts. Desemba 2010 ilitoa kipande cha kwanza cha Back to the Future: The Game, gemu iliyotokana na filamu ya 1985 na mbili zilizoifuata; kipande cha tano na cha mwisho kilitoka Juni 2011. Hadithi inaanza mwaka 1986, miezi michache baada ya pale filamu ya tatu ilipoishia, na Marty McFly analazimika kusafiri hadi 1931 kumnusuru rafiki yake Doc Brown. Bob Gale, mmoja wa waandishi wa filamu, alisaidia kuitunga, na Christopher Lloyd akarudi kumpa Doc sauti. Novemba 2011 ikafuata Jurassic Park: The Game, na mwaka 2017 Guardians of the Galaxy.

Kuzipa gemu hizi jina kamili kunahitaji kujibu maswali matatu: ni mchezo wa namna gani, umetoka wapi, na unatolewaje.

Swali la kwanza lina jibu zuri ndani ya lugha yenyewe. Wapo wanaosema "gemu ya ujasiri", lakini ujasiri ni sifa ya mtu, si jina la mambo yaliyomfika. Wengine husema "vituko", na vituko vimeelemea kwenye kicheko. Msimulizi wa Kiswahili aliyetaka kutueleza safari iliyojaa hatari na mambo yasiyotarajiwa alisema tangu zamani "visa na mikasa". Basi na iwe gemu ya mikasa. Tahadhari ni moja: kijana aliyezoea gemu za kukimbia na kufyatua risasi atadhani ndizo hizo. Sizo. Jina la Kiingereza la aina hii, "adventure", lilitokana na mchezo wa maandishi matupu ambao Will Crowther aliutunga miaka ya 1970, ambamo mchezaji alipita mapangoni kwa kuandika amri. Kazi ilikuwa kutazama, kuokota, kuuliza na kukisia, na mpaka leo ndiyo hiyo. Anayemchezesha Marty hushinda kwa maneno na werevu.

Swali la pili, umetoka wapi, huwapotosha watu kuelekea neno "kutafsiri". Wapenzi wa filamu zinazosimuliwa kwa Kiswahili na DJ Afro wanajua kutafsiri kuna uhuru wake: shujaa wa Hong Kong hupewa maneno ya matatu ya Nairobi na ukumbi mzima ukacheka. Hata hivyo picha hubaki ileile, toka mwanzo hadi mwisho. Filamu inapogeuzwa gemu, picha inaachwa. Kinachochukuliwa ni watu, mahali na kanuni za ulimwengu wao, halafu vinapewa umbo jipya. Kila aliyekaa darasa la Kiswahili la sekondari analijua neno la kazi hiyo: kutohoa. Neno la kigeni likitoholewa hupewa sauti na viambishi vya lugha iliyolipokea mpaka likaishi humo kwa sheria za wenyeji. Ndivyo ilivyo kwa gemu iliyotoholewa kutoka filamu: isipotii sheria za gemu, haichezeki, hata kama filamu ilipendwa kiasi gani.

Ugumu uko kwenye swali la tatu. Watangazaji wengi watakupa "kipindi". Jaribu kulitumia katika kibanda cha gemu mjini Migori au Oyugis. Benchi limejaa, watu wanacheza mpira kwenye runinga na kulipa kwa mechi, anayefungwa anampisha anayesubiri. Ukisema pale "kipindi cha pili", kila kichwa kinaelewa jambo moja tu: mapumziko yamekwisha, timu zinarudi uwanjani. Mwanafunzi aliye benchini analo lake pia, maana kwake kipindi ni dakika arobaini za hisabati. Na kwenye redio na runinga kipindi ni programu nzima: Vioja Mahakamani ni kipindi, si kimoja kati ya vipande vyake. Neno lenye mizigo mitatu haliwezi kubebeshwa wa nne bila kulalia upande.

Badala ya kutafuta neno moja la kuziba pengo lote, ni vyema kuangalia vipande vyenyewe, maana havifanani. Kusini mwa Nyanza kuna masimulizi yanayoionyesha tofauti hiyo waziwazi. Hadithi ya Simbi Nyaima, ziwa lililo karibu na Kendu Bay, ni moja isiyokatika: ajuza anaomba hifadhi, ananyimwa, na kijiji kinazama. Ukiikomesha ajuza akiwa mlangoni, hujasimulia kitu. Masimulizi ya Gor Mahia, mganga wa Kanyamwa ambaye klabu ya mpira iliyoundwa 1968 ilichukua jina lake, ni tofauti. Leo utasikia alivyojigeuza umbo akawaponyoka waliomtafuta, kesho jingine kabisa, na kila moja linatosha peke yake.

Hivyo napendekeza maneno matatu. Kipande kinachosimama peke yake, kikawa na mwanzo na mwisho wake ingawa mhusika ni yuleyule, ni kisa. Sam & Max ya Telltale, iliyoanza 2006, ilikuwa gemu ya visa: kila kipande kilikuwa na kesi yake ya kupelelezwa, huku uzi mwembamba ukiviunganisha. Kipande cha hadithi moja ndefu kinachotolewa peke yake, kwa tarehe yake, ni sehemu. Back to the Future ni gemu ya sehemu. Kipande ambacho ni mgawanyo wa ndani tu, kazi nzima ikiwa imetoka kwa siku moja, ni sura, kama kitabuni. Jurassic Park iligawanywa mara nne lakini vipande vyote vilitolewa pamoja. Kwa Kiingereza vipande hivyo navyo viliitwa "episodi", kama vya zile nyingine. Kwa Kiswahili ni gemu ya sura nne, na hatuna sababu ya kumfanya msomaji aamini kulikuwa na kungoja. Filamu au gemu mpya inayoanzia pale nyingine ilipomalizikia isiitwe sehemu, ina jina lake: mwendelezo.

Kungoja ndiko kunakozigawa hisia za wapenzi, na ndiyo sababu istilahi inapaswa kuonyesha kungoja huko. Lalamiko la kwanza ni kwamba hadithi moja hukatwa ili iuzwe mara kadhaa. Hilo halihitaji maelezo kwa mtu aliyekuwa akinunua filamu za Nigeria na za Bongo kwenye diski: sehemu ya kwanza inakatika mtu akiwa ameshika mpini wa mlango, na aliye nje utamjua ukinunua diski ya pili. Lalamiko la pili ni hofu ya kuachwa njiani, na si hofu ya bure. Septemba 2018 Telltale iliwaachisha kazi karibu wafanyakazi wote wakati The Walking Dead: The Final Season iko katikati ya sehemu zake nne, ilhali wako waliokwisha kuzilipia zote. Kampuni ya Skybound ndiyo iliyozimalizia mwaka 2019. Wapenzi wa Half-Life 2, gemu ya kampuni nyingine, hawakupata hata hilo: sehemu ya pili ilitoka 2007 na ya tatu haikuja kamwe.

Wanaozitetea nao wana hoja. Muda kati ya sehemu na sehemu ni wa kubishana na kubashiri, raha ambayo gemu nzima haitoi. Sehemu moja pia hula bando kidogo kuliko kazi nzima kupakuliwa kwa mkupuo. Na Back to the Future ilisifiwa kwa mazungumzo na sauti zake, ingawa wengi waliona mafumbo yake mepesi mno. Jurassic Park ndiyo iliyokosolewa zaidi, kwa kuwa mchezaji alibonyeza kitufe alipoamriwa na kutazama mengine yakijiendea. Kwa maneno yetu, ilitoholewa nusu: ilibaki filamu yenye vitufe.

Kwenye vibanda vya mechi gemu za namna hii hazina nafasi kubwa, kwani anayelipa kwa mechi hawezi kukaa na hadithi ya saa mbili wenzake wakingoja padi, na akirudi wiki ijayo huenda atakuta alipofikia pamefutwa. Zinaishi zaidi kwenye simu na kompyuta za nyumbani, ambako mtu hucheza kwa wakati wake.

Mwandishi atakayezitaja anaweza sasa kusema: "Hii ni gemu ya mikasa ya sehemu tano, iliyotoholewa kutoka filamu." Msomaji wa Rongo au Mbita atajua hapo kwamba atatumia akili kuliko kidole, kwamba asitegemee kuiona filamu ileile, na kwamba kabla ya kutoa hela aulize sehemu ngapi zimeshatoka.